Stima ya Ukumbi Analipa Nani?

Kwa miaka miwili tulicheza basketi jioni ndani ya ukumbi wa shule moja ya sekondari huku Eastlands. Hakukuwa na mkataba. Kulikuwa na mwalimu wa michezo aliyetupenda, na soja mmoja aliyekubali kukaa na sisi mpaka saa tatu. Mwalimu akahamishwa, geti likafungwa. "Vijana wangu, mimi sina ubaya na nyinyi," soja akatuambia. "Funguo sasa ziko ofisini."

Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo, kwa hivyo jioni zangu zilikuwa ndefu kweli. Nikaanza kusoma kuhusu watu waliowahi kupigania kitu kama hiki, na ndivyo nilivyofika Flint, jimbo la Michigan, Marekani.

Flint ni mji wa magari. Kampuni ya General Motors ilianzishwa huko mwaka 1908. Kufikia 1935 uchumi ulikuwa umeanguka, na watoto walikuwa wanashinda barabarani. Frank Manley, aliyesimamia elimu ya viungo katika shule za mji huo, alisimama mbele ya wanachama wa Rotary akawauliza jambo rahisi: majengo haya yamejengwa kwa pesa za umma, mbona yanafungwa masomo yakiisha? Kati ya waliomsikia alikuwa Charles Stewart Mott, tajiri wa General Motors aliyewahi kuwa meya wa Flint. Mott akatoa dola 6,000, na shule tano zikaanza kufunguliwa nje ya saa za masomo.

Hapo kwa dola 6,000 ndipo niliposimama. Pesa hizo hazikujenga kitu. Kumbi zilikuwepo tayari. Zililipia mambo ambayo hakuna mtu hupigia picha: mtu wa kufungua mlango, wa kusimamia watoto, wa kufagia wakishaenda. Baadaye watu wazima nao wakaja, kushona, kusoma, kucheza dansi, na shule zikapata wakurugenzi ambao kazi yao ilikuwa kubaki pale mpaka usiku. Wageni wakawa wanatoka miji mingine kuja kujionea. Sisi kwetu mambo hayo yote yalikuwa yamebebwa na mwalimu mmoja na soja mmoja, bure. Si ajabu yalianguka siku moja.

Lakini nisiwauzie Flint kama peponi. Tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi walikalia viwanda vya General Motors mjini humo, wakakaa ndani siku 44 mpaka kampuni ikakubali kuongea na chama chao. Mott alikuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo hiyo. Siwezi kusema kumbi zilikuwa njama, maana zilitangulia mgomo. Ila mkono unaolipa stima huwa na mapenzi yake.

Halafu kuna swali la nani anaitwa jamii. Weusi wa Flint walibanwa zaidi katika mitaa miwili, Floral Park na St. John, kwa sababu hati za nyumba kwingine ziliwazuia kununua. Ukumbi wa shule ulihudumia mtaa unaouzunguka. Milango ya shule ikafunguka, mitaa ikabaki imefungwa vile vile.

Barua yetu ya kwanza kwa mwalimu mkuu ilikuwa ya kuomba huruma: sisi ni vijana wenye nidhamu, hatuvuti bangi. Ya pili nimeiandika tofauti. Ina hesabu ya stima, posho ya soja, na mchango wa shilingi hamsini kwa kila mchezaji kila wiki. Nilipoisoma mbele ya timu, dada mmoja anayecheza nasi akauliza: na wale wa ng'ambo ya barabara, wa mabati, ambao hamsini ni chakula cha jioni?

Tulibishana mpaka giza likaingia, tukiwa tumesimama hapo nje ya geti. Wengine walitaka waingie bure, wengine wakasema basi hesabu haitatosha. Barua bado iko kwa simu yangu. Kuna nafasi ya jina la atakayebeba ufunguo, na nimeandika langu. Mstari wa mchango nimeufuta mara tatu.