Mkono na Subira: Historia na Sifa Bainifu za Mchezo wa Uhusika na Vitendo, 1984–1997

Utangulizi

Uainishaji wa tanzu ni mojawapo ya kazi za kwanza za uhakiki, na ni miongoni mwa zile zinazozua mabishano mengi. Mabishano hayo hayajakoma katika fasihi andishi wala katika fasihi simulizi, na yamekwisha kuhamia katika sanaa changa zaidi: usimulizi wa mashine, ambamo hadhira hushika vitufe na kumwongoza mhusika mkuu kwa mkono wake yenyewe. Makala haya yanachunguza kipera kimoja cha sanaa hiyo, yaani ule mchezo wa video unaoweza kuitwa mchezo wa uhusika na vitendo. Kipera hiki kilijitokeza waziwazi nchini Japani mnamo 1984, na kazi zake za awali zingali zinapendwa hata na watu ambao hawakuwa wamezaliwa zilipotolewa.

Swali la msingi ni hili: ni nini hasa kinachokibainisha? Jibu la haraka hutaja upanga, joka, ngome na binti mfalme aliyetekwa. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa mambo hayo yote yanapatikana katika ngano, tendi na filamu, na kuwepo kwake hakuifanyi kazi kuwa ya utanzu mmoja au mwingine. Inadaiwa hapa kuwa sifa bainifu ya kipera hiki ni ya kimuundo: ni mapatano kati ya ustadi wa mkono wa mchezaji na ukuaji wa mhusika unaoletwa na subira, ambapo upungufu wa kimoja waweza kufidiwa na kingine. Kila mtunzi aliyefuata aliyajadili upya mapatano hayo, na katika majadiliano hayo ndimo historia ya kipera ilimo.

Chimbuko: Dadu na Sarafu

Kipera hiki kina wazazi wawili. Wa kwanza ni mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliochapishwa nchini Marekani mnamo 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji waliketi na karatasi, penseli na dadu, kila mmoja akavaa uhusika wake. Mhusika alikuwa na kipimo cha uhai kilichopungua alipojeruhiwa, na alikusanya alama za uzoefu zilizompandisha daraja. Msomaji wa tendi za Kiswahili atatambua upesi tofauti iliyopo. Fumo Liyongo anaingia katika utendi akiwa na nguvu zake kamili, na hadhira husubiri siri ya kifo chake ifichuke. Shujaa wa Gygax na Arneson huanza akiwa dhaifu, na kisa chenyewe ni kule kukua kwake. Haba na haba hujaza kibaba: methali hii yaweza kuchukuliwa kuwa kanuni ya mchezo mzima.

Kanuni hiyo iliingia katika kompyuta za nyumbani mapema. Wizardry, kazi ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead, na Ultima, kazi ya Richard Garriott, zilitoka mnamo 1981. Nchini Japani, Henk Rogers alitoa The Black Onyx mnamo 1984 na kuwazoesha wengi aina hii ya utunzi. Mapigano ya namna hii yalikwenda kwa zamu: mchezaji alichagua tendo, mashine ikakokotoa matokeo kwa niaba ya dadu, kisha adui akajibu. Mkono haukuwa na kazi ila kuandika amri. Mwenye vidole vyepesi na mwenye vidole vizito walikuwa sawa.

Mzazi wa pili ni mashine ya kutia sarafu. Space Invaders ya mwaka 1978 na Pac-Man ya mwaka 1980 ziliwafundisha vijana wa Kijapani aina nyingine ya ushujaa. Katika michezo hiyo mhusika hakui hata kidogo. Alivyo katika dakika ya kwanza ndivyo alivyo baada ya saa nzima. Anayekua ni mchezaji. Isitoshe, uchumi wa mashine yenyewe ulidai kifo cha mara kwa mara, kwani sarafu nyingine haitiwi ila mchezo uishe. Hapakuwa na rehema kwa mwenye mkono mzito.

Mwaka 1984

Wazazi hawa wawili walikutana mwaka huo. Kampuni ya Namco ilitoa The Tower of Druaga, mchezo wa sarafu uliobuniwa na Masanobu Endo. Shujaa wake, Gil, anapanda mnara wenye ghorofa 60 ili kumwokoa Ki. Katika ghorofa nyingi mna hazina isiyojitokeza mpaka sharti fulani la siri litimizwe, na hazina nyingine zisipopatikana, safari ya juu haikamiliki. Masharti hayo hayakutajwa popote katika mchezo, hivyo wachezaji wakawa wanaambizana na kuandikiana waliyogundua. Maarifa ya kazi hii, kama ya kitendawili, yalikuwa mali ya jamii. Hata hivyo, Gil hana alama za uzoefu: anakua kwa vitu anavyoviokota.

Hatua iliyobaki ilipigwa katika kompyuta za nyumbani mwaka huohuo. Yoshio Kiya wa kampuni ya Nihon Falcom alitunga Dragon Slayer, na Tokihiro Naito wa T&E Soft akatunga Hydlide. Katika kazi zote mbili, adui hangoji zamu. Anatembea wakati mchezaji anatembea, na mgongano wa miili ndio pigo. Papo hapo, nguvu ya pigo hilo inategemea tarakimu alizozichuma mhusika. Dragon Slayer inaanza na shujaa mnyonge mno, ambaye hana budi kujijenga kwanza kabla ya kumkabili joka. Katika Hydlide, mchezaji huchagua kati ya hali ya kushambulia na hali ya kujihami, na akisimama kimya uwandani uhai wake hurejea polepole. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa wa kihakiki. Katika mashine ya sarafu, kusimama ni kufa. Katika Hydlide, kusimama ni kupona. Ndipo subira ilipoanza kuhesabiwa kuwa tendo.

Mipaka ya Mapatano

Mapatano haya yalizua tatizo. Ikiwa subira inaweza kununua kila kitu, mkono hauna tena maana, na mchezo unageuka kibarua cha kuua mazimwi manyonge saa baada ya saa. Kiya aliliona hilo mapema. Katika Xanadu, aliyoitoa mnamo 1985 ikiwa mwendelezo wa Dragon Slayer, maadui wana idadi maalumu, wakiisha, wameisha. Aidha, kuna mazimwi wema, na anayewaua hujilimbikizia kipimo cha dhambi. Kipimo hicho kikizidi, hekalu hukataa kumpandisha daraja. Kwa maneno mengine, Kiya aliuingiza uadilifu katika hesabu yenyewe, ili ukuaji usiwe tunda la mauaji yasiyochagua. Kazi hii iliuzwa zaidi ya nakala 400,000, kiwango kikubwa sana kwa mchezo wa kompyuta nchini Japani wakati huo.

Ys, iliyotolewa na kampuni hiyohiyo mnamo 1987 na watunzi Masaya Hashimoto na Tomoyoshi Miyazaki, ilichukua njia tofauti. Shujaa wake, Adol Christin, anatafuta vitabu sita vinavyosimulia habari za nchi iliyotoweka. Pigo bado ni mgongano, lakini anayemgonga adui uso kwa uso huumia, ilhali anayemgonga kwa pembeni kidogo humjeruhi bila kujeruhiwa. Muhimu zaidi, daraja la juu kabisa ni la 10, nalo hufikiwa kabla ya mwisho wa safari. Hapo subira imekwisha kutoa ilichoweza kutoa. Pambano la mwisho linabaki kuwa la mkono. Watunzi wanamsindikiza dhaifu hadi karibu na mlango, kisha wanamtaka avuke mwenyewe.

Suala la The Legend of Zelda

Hakuna kazi iliyozua ubishi zaidi juu ya mipaka ya kipera hiki kuliko The Legend of Zelda, iliyotolewa na Nintendo mnamo Februari 1986 chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Ina upanga, ina mapango, ina binti mfalme. Wengi huiweka katika kipera hiki bila kusita. Lakini haina alama za uzoefu: kuua maadui mia hakumwongezei Link nguvu yoyote ya kudumu. Anachoongezewa ni vyombo vya uhai na panga bora, na hivyo vyote hutokana na kutafuta na kugundua. Anayekaa mahali pamoja akipigana hapati faida, ila anayethubutu kuingia asikokujua.

Nintendo yenyewe ilitoa ushahidi wa tofauti hiyo. Zelda II, ya mwaka 1987, ilileta alama za uzoefu za kukuza pigo, uchawi na uhai, na mchezaji anapoishiwa nafasi zake zote hupoteza alama alizokuwa akizikusanya. Kwa kigezo kilichowekwa hapa, Zelda II imo ndani ya kipera, na ile ya kwanza iko mpakani, upande wa Druaga. Kuiweka mpakani si kuishusha hadhi. Kigezo cha utanzu hueleza kazi inafanyaje. Hakipimi ubora wake.

Kukomaa: Ukuaji wa Ulimwengu

Mnamo 1989 Hashimoto na Miyazaki waliondoka Falcom wakaanzisha kampuni ya Quintet, na hapo maana ya ukuaji ikapanuka. Katika Soul Blazer ya mwaka 1992, kila pango la mazimwi linaloharibiwa huachilia nafsi iliyofungwa: mtu, mnyama au mmea. Kijiji kilichokuwa tupu hujaa tena kidogo kidogo, na walioachiliwa humpa shujaa habari na msaada. Ukuaji haumhusu tena mtu mmoja. Jamii nzima inakua pamoja naye. Terranigma, iliyotolewa Japani mnamo 1995 na Ulaya mnamo 1996, inalifikisha wazo hili mbali zaidi, pale shujaa Ark anapofufua mabara, kisha mimea, wanyama na hatimaye wanadamu.

Kwa upande wake kampuni ya Square ilitoa Secret of Mana mnamo 1993, ikiongozwa na Koichi Ishii. Humo, kila baada ya pigo kipimo cha nguvu hushuka na kuanza kupanda kuelekea asilimia 100. Anayepiga kabla kipimo hakijajaa hupiga bure. Subira, ambayo hapo awali ilikuwa mambo ya saa nyingi, imeletwa ndani ya pigo moja. Aidha, watu watatu waliweza kucheza pamoja, mwepesi akimlinda mzito.

Marekani iliujibu utanzu huu kwa Diablo, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 1996 na kuenea mwaka 1997. Historia ya utungaji wake ni ushahidi bora wa hoja ya makala haya. David Brevik na wenzake walikuwa wameupanga uwe mchezo wa zamu. Waliposhauriwa kuondoa zamu, Brevik alisita, kisha akajaribu, na mchezo ukageuka papo hapo. Mazimwi, silaha na tarakimu vilikuwa vilevile. Wakati pekee ndio uliobadilika, na kipera kikabadilika nao. Hata hivyo, katika Diablo tarakimu bado ndizo zinazoamua kama pigo linampata adui. Mkono umeitwa kazini, lakini kwa ujira mdogo.

Upokezi na Hifadhi

Historia ya kipera hiki inafunza pia juu ya upokezi. Hydlide, iliyokuwa jambo jipya mnamo 1984, ilifikishwa Amerika Kaskazini kwa mashine ya Nintendo mnamo 1989, miaka miwili baada ya The Legend of Zelda kuingia huko. Wasomaji wa soko hilo waliiona kama mwigo dhaifu wa kazi ambayo kwa kweli ilikuja baada yake. Mpangilio wa kusoma uligeuza mpangilio wa historia.

Hatari kubwa zaidi ni ya kutoweka. Utafiti uliotolewa mnamo 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa Marekani haikuwa ikipatikana tena sokoni. Kaseti nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilihifadhi maendeleo ya mchezaji kwa betri ndogo, na betri hiyo ikifa, shujaa aliyekuzwa kwa miezi hufutika. Tatizo hili si geni kwa wanafunzi wa fasihi simulizi. Muhtasari wa ngano si utambaji wake, na maelezo ya Ys si ile hatua ya kumkwepa adui kwa upana wa kidole. Kazi inayoishi katika utendaji haihifadhiwi kwa kusimuliwa tu.

Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa mchezo wa uhusika na vitendo haubainishwi na joka wala upanga. Hubainishwa na mapatano kati ya mkono na subira, na watunzi wakuu wa kipera hiki wametofautiana hasa katika bei waliyoiwekea subira: Naito aliiuza kwa bei nafuu, Kiya akaiwekea idadi na hatia, Hashimoto na Miyazaki wakaiwekea kikomo, Ishii akaiingiza ndani ya pigo lenyewe. Mjadala huo haukufungwa mwaka 1997. Demon's Souls ya mwaka 2009 ilimnyang'anya aliyekufa nafsi alizozikusanya, kisha ikampa nafasi moja ya kuzirudia pale alipoangukia.

Chini ya hesabu hizo zote mna swali la haki: je, safari ya shujaa ni ya wenye vipawa peke yao? Mashine ya sarafu ilijibu kuwa ndiyo. Kipera hiki kilijibu kuwa anayechelewa naye atafika, ilmradi akubali kurudi njiani tena na tena. Uhakiki utakaozipuuza kazi hizi kwa kuwa ni za watoto utakuwa umelipuuza jibu hilo pamoja nazo.