Haibiskasi ya Uani: Namna ya Kuitunza na Kuzalisha Aina Yako Mwenyewe

Jirani yangu alinunua mche wa haibiskasi ya manjano yenye moyo mwekundu kwa muuza miche wa kando ya barabara. Alilipa pesa ambazo zingemnunulia miche kadhaa ya ile nyekundu ya kawaida tunayoijua sote, ile ya kuzungushia boma. Mwaka wa kwanza mche ukachanua maua makubwa kama visahani. Mwaka wa pili akaniita nikaone ajabu: chungu ni kilekile, mti ni uleule, lakini maua ni madogo na mekundu, kama ya boma la mtaa wa pili. Akasema ametapeliwa.

Hakutapeliwa. Haibiskasi nyingi za kigeni zina mizizi dhaifu, kwa hivyo wakulima huunganisha kijiti chake juu ya shina la aina nyingine iliyo ngumu, kama wafanyavyo wenye miembe ya kisasa. Kijiti cha juu kikifa kwa kiu au kwa kuoza, shina la chini huendelea kuishi na kutoa maua yake lenyewe. Ua halikugeuka rangi. Lililonunuliwa lilikufa, likabaki lililokuwa likilibeba.

Wengi wetu tuko katika hali hiyo: tunanunua, linakufa, tunanunua tena. Ilhali mtu mwenye nafasi ndogo uani na vyungu vinne anaweza kujizalishia haibiskasi ambayo haipo popote duniani, tena iliyozoea jua na chumvi ya kwake. Na watu wa Pwani tuna haki na ua hili kuliko tunavyodhani.

Ukoo wake

Haibiskasi ni jamaa wa bamia na pamba. Litazame ua la bamia asubuhi utaiona sura ya ukoo. Choya, ile inayokaushwa ikatengenezwa chai na sharubati nyekundu, nayo ni haibiskasi, ila ni ya aina ya mbali na haizalishani na hizi za mapambo.

Ile ya kawaida ya maboma kitaalamu huitwa *Hibiscus rosa-sinensis*, jina alilolipa Linnaeus mwaka 1753, maana yake waridi la China. Malaysia ililifanya ua la taifa mwaka 1960. Lakini hizi kubwa za rangi mbili tatu tunazoziita za kigeni ni machotara. Zimetokana na kuichanganya hiyo ya China na jamaa zake wa Hawaii, wa Fiji, wa visiwa vya Mauritius na jirani zake, na wa Afrika Mashariki. Kazi hiyo ilishika kasi Hawaii mwanzoni mwa karne ya 20, na kufikia mwaka 1913 kituo cha utafiti wa kilimo cha huko kilikuwa kimeshachapisha kitabu juu ya haibiskasi za mapambo. Florida nako wapenzi wa ua hili waliunda American Hibiscus Society mwaka 1950.

Huyo jamaa wa Afrika Mashariki ni wetu hasa. Ni *Hibiscus schizopetalus*, kichaka kinachoota porini katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Ua lake huning'inia kichwa chini kwa kikonyo kirefu, petali zake nyekundu zimechanika kama shada la nyuzi na kujikunja kurudi juu, na ulimi wake hushuka chini mrefu. Wazungu walilijua miaka ya 1870 kupitia John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, na mwaka 1880 likaandikwa kuwa aina inayojitegemea. Leo linauzwa duniani kwa jina la taa ya Kijapani, na wanaolinunua wengi hawajui kuwa halikutoka Japani. Damu yake imo katika machotara mengi ya mapambo. Kwa hivyo huenda mche unaouziwa kwa bei ya ugenini una bibi aliyezaliwa huku huku.

Udongo na maji

Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mchanga au mawe ya matumbawe. Matumbawe ni chokaa, na haibiskasi hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi hudhani ni njaa ya samadi. Tatizo ni chuma: kimo udongoni, lakini mizizi haiwezi kukichukua kwa sababu ya chokaa.

Dawa rahisi ni kupanda kwenye chungu au ndoo iliyotobolewa chini. Changanya sehemu mbili za udongo mwekundu, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyosagika. Makumbi yaloweke na kuyaosha kwanza, kwani hushika chumvi. Usitie jivu wala chokaa. Majani yakiwa yameshageuka manjano, ulizia kwenye maduka ya pembejeo mbolea ya chuma ya kunyunyizia majani.

Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Dalili yake ni kingo za majani kuungua na kukauka. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, na kila baada ya wiki kadhaa mwagia chungu maji mengi yasiyo na chumvi mpaka yatoke chini, yaioshe chumvi iliyojikusanya. Chungu kisikalie sahani yenye maji, mizizi itaoza.

Jua la asubuhi ni zuri kwake. Jua la alasiri wakati wa Kaskazi huyachoma machotara makubwa, kwa hivyo tafuta upande wenye kivuli baada ya saa saba mchana. Tumba zikianguka kabla ya kufunguka, angalia kwanza kiu, joto kali, wadudu, au kama umeihamisha mahali karibuni.

Mbolea na wadudu

Mfuko wa mbolea huandikwa tarakimu tatu: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Haibiskasi hutaka ya kati iwe ndogo na ya mwisho iwe kubwa. DAP, ambayo wengi wetu tunayo ya kupandia mahindi, ina fosforasi nyingi, na kuitia mara kwa mara kwenye chungu cha haibiskasi ni kuiumiza. Tia mbolea kidogo kidogo, na udongo uwe umeloa.

Wadudu wakubwa ni vidukari, nzi weupe, utitiri, na wale weupe wenye kama pamba wanaojificha penye vifundo vya matawi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, jua wanafuata utamu wa wadudu hao. Osha mti kwa maji ya nguvu, hasa chini ya majani, kisha nyunyiza maji yenye sabuni kidogo ya kipande au mafuta ya mwarobaini jioni jua likishapoa. Rudia baada ya siku chache, kwani mayai hayafi mara moja.

Kuchanganya aina mbili

Katikati ya ua kuna ulimi mrefu. Kwenye ncha yake kuna vitufe vitano: hapo ndipo pa kike. Chini yake, ulimi umezungukwa na vijinywele vyenye chavua, lile vumbi la manjano: hizo ndizo sehemu za kiume. Ua lenye petali nyingi za tabaka tabaka mara nyingi sehemu hizi zimeharibika, kwa hivyo anza na maua ya petali tano.

1. Chagua wakati. Joto kali huua chavua na kuangusha vitunda. Miezi mizuri kwetu ni ya baridi ya Kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, siku isiyo na mvua.

2. Chagua mama na baba. Mama awe mti wenye afya na mizizi imara. Ile nyekundu ya kale ya maboma mara nyingi haishiki mbegu. Mti ukikataa kuwa mama, ujaribu kuwa baba.

3. Ua la haibiskasi huishi siku moja tu, mengine mbili. Fanya kazi kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, chavua ikishapasuka na kushika kidoleni. Ukitaka uhakika, ifute chavua ya mama mapema kwa brashi laini kabla haijapasuka.

4. Chuma ua la baba, kisha upake chavua yake kwenye vile vitufe vitano vya mama, vyote, mpaka vionekane vya manjano.

5. Funga uzi kwenye kikonyo, na kibandiko chenye jina la mama kwanza, kisha baba, kisha tarehe. Usitegemee kumbukumbu. Baada ya miezi miwili hutakumbuka.

Kesho yake ua litanyauka na kuanguka. Lililobaki, kile kikombe cha kijani, ndicho cha kuangaliwa. Ikiwa hakikushika, kitaanguka nacho katika wiki moja au mbili. Kikishika, kitavimba kama bamia fupi nene, na baada ya wiki sita hadi kumi kitakuwa cha kahawia na kupasuka. Kivalishe kipande cha neti ya mbu mapema, mbegu zisimwagike. Ndani kuna vyumba vitano, na mbegu zinaweza kuwa tatu, zinaweza kuwa ishirini na zaidi.

Usivunjike moyo majaribio ya kwanza yakifeli. Hata wazoefu hupaka maua mengi wakapata vitunda vichache.

Kutoka mbegu hadi ua

Ganda la mbegu ni gumu. Likwaruze kidogo kwa wembe upande wa nyuma, mbali na ile ncha, kisha loweka usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu. Zipande kina cha nusu sentimita hadi moja, kila moja na kikopo chake chenye jina. Nyingine huota katika siku chache, nyingine huchukua wiki kadhaa. Miche iwe kwenye kivuli chepesi mpaka iwe na majani manne au matano, kisha izoeshwe jua polepole.

Ua la kwanza hutokea baada ya mwaka mmoja hivi, pengine zaidi. Hapo ndipo raha yenyewe, kwa sababu mbegu za kitunda kimoja hazifanani. Machotara haya yamechanganyika mno, na kila mbegu hurithi kwa njia yake. Mmoja utatoa manjano, mwingine waridi, wa tatu rangi ya matofali isiyopendeza. Mingi itakuwa ya kutupwa au kugawia jirani. Ua la kwanza pia si la kuhukumia, kwani sura na rangi hubadilika kwa joto na umri wa mti. Subiri uone kadhaa.

Unapochagua wa kubaki nao, usitazame ukubwa wa ua peke yake. Wanaozalisha ng'ambo huchagua kwa ajili ya maonyesho na hali ya hewa yao. Wewe jiulize: je, mti huu unasimama kwa mizizi yake mwenyewe? Umevumilia Februari bila kuangusha tumba? Maji ya kisima hayakuuchoma? Mche wenye ua la wastani unaojibu ndiyo mara tatu ni bora kwako kuliko malkia wa kigeni atakayekufa mwaka wa pili. Ndiyo maana ule wetu wa msituni, uliozoea pwani hii, ni mzazi wa kuujaribu. Watoto wake mara nyingi huning'inia na kuwa na petali zenye pindo.

Harufu nayo ni jambo la kulenga. Haibiskasi haiingii kwenye kikuba kwa sababu hainukii. Lakini nyeupe ya kisiwa cha Oahu, *Hibiscus arnottianus*, inanukia kidogo. Wenye subira wana pa kuanzia.

Kuiongeza na kuipa jina

Mbegu za ua lako jipya hazitakupa ua hilohilo. Liongeze kwa vijiti: kata tawi lisilo changa sana wala gumu sana, urefu wa kalamu, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na makumbi, weka kivulini, usiache pakauke. Mizizi hutoka katika wiki sita hadi nane. Na kama una mti uliounganishwa, kata kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo, lisije likaumeza wa juu.

Ukitaka jina lako litambulike, Australian Hibiscus Society ndiyo inayoweka daftari la kimataifa la majina ya machotara haya. Hakuna kinachozuia ua kuitwa jina la bibi yako au la mtaa wako.

Tahadhari mbili. Usikate wala kung'oa mmea msituni bila idhini. Ni kosa, na misitu ya pwani imeshapungua vya kutosha. Tafuta wa kwetu kwa wauza miche. Pili, jamaa wa Dubai au Muscat asikubebee vijiti wala mbegu kwenye sanduku. Mimea kutoka nje huhitaji kibali cha KEPHIS kabla haijatumwa, kwa sababu ugonjwa mmoja uliofichika kwenye kijiti unaweza kuingia kwenye mashamba yetu ya bamia na pamba.

Jirani yangu hakuung'oa ule mti wake uliobaki. Ulikuwa na mizizi ya nguvu, na Julai iliyofuata akaupaka chavua ya haibiskasi ya waridi ya dada yake. Vikaanguka vitunda vitano, kikashika kimoja. Sasa ana miche minne kwenye vikopo, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na bado hajui itatoa rangi gani.