Mipaka na Walinzi: Uhifadhi wa Choroa katika Jangwa la Jiddat al-Harasis, Oman, 1972–2007

Historia ya choroa wa Uarabuni katika uwanda wa Jiddat al-Harasis husimuliwa mara nyingi kama ushindi uliofuatiwa na anguko. Insha hii inadai kwamba ushindi na anguko hilo havieleweki bila kuchunguza uhusiano kati ya dola, ambayo ndiyo msimamizi wa ardhi, na Waharasis, wafugaji wa mbuzi na ngamia wa uwanda huo.

Choroa wa mwisho wa mwituni waliangamizwa na wawindaji mwaka 1972. Spishi hiyo ilinusurika kwa sababu mwaka 1962 msafara ulioongozwa na Ian Grimwood, Mhifadhi Mkuu wa Wanyamapori wa Kenya, ulikamata choroa wachache katika Himaya ya Aden. Hao, pamoja na wengine waliokuwa kifungoni, walianzisha kundi la uzalishaji huko Phoenix, Marekani. Wazao wa kundi hilo walipelekwa Oman mwaka 1980, na mwaka 1982 wakaachiwa huru Yalooni. Waharasis waliajiriwa kuwa walinzi, na ujuzi wao wa nyayo na malisho ukawa nguzo ya mradi. Kufikia mwaka 1996 choroa walikuwa takriban 450.

Hata hivyo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1994 na kuorodheshwa mwaka huohuo kuwa Urithi wa Dunia ilipangwa kutoka juu. Mwanaanthropolojia Dawn Chatty ameonyesha kwamba wafugaji hawakushirikishwa ipasavyo katika upangaji wake. Mlinzi alipewa mshahara. Jamii yake haikupewa kauli juu ya ardhi.

Tangu mwaka 1996 majangili walianza kukamata choroa hai, hasa majike, ili wauzwe nje ya nchi. Kufikia mwaka 2007 walibaki 65, wakiwa na takriban jozi nne tu za kuzaa. Serikali ilipunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, huku utafutaji wa mafuta na gesi ukipangwa. Juni 2007 hifadhi hiyo ikawa ya kwanza kabisa kufutwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Mfuatano huu una uzito. Choroa walipungua kwa miaka kumi kabla ya mipaka kubadilishwa; kwa hiyo upunguzaji wa eneo haukuanzisha anguko, bali uliliidhinisha. Mpaka mpana ulikuwapo wakati wote huo, lakini haukuwazuia majangili. Hivyo basi, ulinzi wa wanyama katika ardhi ya umma haupimwi kwa ukubwa wa eneo lililotengwa pekee, bali pia kwa nafasi ya wakazi wake katika kuamua hatima ya eneo hilo.