Mary Treat, mkulima mwenzetu ambaye hatumtaji

Wasee wa mimea inayokula wadudu, mkiulizwa ni nani alianzisha hizi mambo, wengi mtasema Charles Darwin. Sawa. Kitabu chake cha 1875, Insectivorous Plants, kilionyesha kwa majaribio kwamba mmea unaweza kumnasa mdudu, kummeng'enya na kufaidika naye. Lakini ukikisoma polepole kuna mama mmoja anatokea mara kwa mara: Bi. Treat wa New Jersey. Kwangu huyo ndiye mkulima mwenzetu, na inaniudhi vile hatumtaji.

Mary Treat alizaliwa 1830, akahamia mji wa Vineland 1868. Jirani hapo kuna Pine Barrens, msitu wa misonobari wenye mchanga, tindikali na rutuba kidogo sana. Mahindi huko utalia. Mimea yetu ndiyo inapenda hapo, maana nitrojeni inaipata kwa wadudu. Ndoa yake ilivunjika miaka ya 1870, na hakuwa profesa wala hakuwa na maabara ya chuo. Akaanza kuwaandikia watu wa kawaida makala za sayansi, Harper's wakiwemo, na hiyo kazi ndiyo ilimlisha. Kwa lugha ya leo, si huyo ni kontenti krieta?

Sasa sikia hii. Alipanda Dionaea nyingi, ile yenye majani kama taya, akaanza kuhesabu. Alimwandikia Darwin kwamba majani kadhaa yalinasa nzi watatu mmoja baada ya mwingine, lakini mengi yalimshindwa yule wa tatu yakafa. Matano yalimaliza watatu, yakafunga juu ya wa nne, kisha yakafa. Darwin akaiweka hiyo hesabu kitabuni. Kama una Dionaea kwa balkoni na kila mgeni akija anataka kuichezea taya kwa kidole, unajua kwa nini hiyo hesabu ni ya maana. Jani lina mwisho wake jo, si toi.

Lakini kazi yake ninayoipenda zaidi ni ya Utricularia. Huu mmea hauna sura ya kutisha. Ni nyuzi tu majini zenye vifuko vidogo sana, na aina zake kadhaa ziko hata kwetu Afrika Mashariki, kwenye madimbwi na maji yaliyotulia. Swali lilikuwa: mdudu anaingiaje ndani ya kifuko? Darwin alidhani mdudu mwenyewe anasukuma kijimlango kwa kichwa, kama kabari. Treat akakaa na hadubini, saa baada ya saa, akiwaangalia viluwiluwi vya mbu wakikaribia. Aliona hawajisukumi. Wanavutwa, fyu, na mlango umeshafungwa.

Fikiria hiyo hali. Mama wa Vineland anamwambia mwanasayansi maarufu kuliko wote wa wakati wake kwamba si hivyo, mzee. Na Darwin, heshima kwake, alimjibu kwa barua Juni 1875 akikubali kwamba maelezo yake ya kabari hayakuwa sahihi. Leo tunajua kifuko hupampu maji nje mpaka shinikizo la ndani lishuke. Vinywele vya mlangoni vikiguswa, mlango unafunguka na maji yanaingia na mdudu, yote chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kwa hivyo msiniambie Darwin alimwibia. Alimtaja kwa jina, peupe. Waliomwacha nyuma ni waliokuja baadaye, wenye kurudia stori wakibakisha jina moja tu kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Na sisi wenye kurasa za mimea tunafanya hivyo hivyo kila wiki.

Treat aliendelea kuandika, kuhusu buibui, sisimizi na ndege wa uani kwake. Kitabu chake, Home Studies in Nature, kilitoka 1885. Alifariki 1923, akiwa na zaidi ya miaka 90. Kuna yungi jeupe la Florida lenye jina lake: Zephyranthes treatiae.