Barua zinaingia, hazitoki

Mwaka 2021 nilikuwa Musoma, nahaha kutuma habari ya wavuvi wa Makoko kwenda Dar es Salaam kabla mhariri hajafunga ukurasa. Programu ya barua pepe ilikuwa inapokea vizuri tu. Mhariri anaandika: "Iko wapi?" Naipata. Dakika kumi baadaye: "Vipi?" Naipata pia. Yangu imeganda kwenye sanduku la zinazotoka, na kila nikibonyeza kutuma naambiwa seva haijibu. Hebu fikiria unavyoonekana kwa bosi: unasoma, hujibu.

Nikalaumu mtandao, kama tunavyofanya wote. Lakini wandugu, mtandao ungekuwa mbovu maswali ya mhariri yangenifikiaje? Mwishowe nikaituma kupitia kivinjari. Ikaenda. Ukurasa ulishafungwa.

Ndiyo nikaanza kupekua historia ya jambo hili.

Nenda posta yoyote. Ili utoe barua kwenye S.L.P. lazima uwe na ufunguo. Kutumbukiza hakuna ufunguo: unabandika stempu, unasukuma kwenye tundu, unaondoka. Nyuma ya bahasha ukiandika jina la jirani yako badala ya lako, itafika vilevile.

Barua pepe ilijengwa hivyohivyo. Agosti 1982 Jon Postel, akiwa California, alichapisha kanuni za kutuma ziitwazo SMTP, zinazotumia mlango au poti namba 25. Humo hamkuwa na nafasi ya neno la siri. Kanuni za kuchukua barua, POP, zilitoka 1984 na tangu siku ya kwanza zilidai jina na neno la siri. Kwa hiyo kutuma na kupokea ni kazi mbili, mara nyingi kwenye seva mbili. Moja inaweza kugoma nyingine ikiwa nzima.

Msiwacheke wazee hao. Zama zile seva zilipokezana barua kwa ujirani, hata barua za wasiowajua. Na kwetu mambo yalianza kwa kupokezana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam viliunganishwa na mtandao wa ESANET, kitovu kikiwa Nairobi, kwa teknolojia ya FidoNet. Unaandika, barua inapanga foleni, modemu inapiga simu, mzigo mzima unaondoka kwa mkupuo. Barua kukaa kwenye sanduku la zinazotoka haikuwa hitilafu. Ndiyo kazi ya sanduku lenyewe!

Walioharibu ni wauzaji. Tarehe 3 Mei 1978, hata kabla ya SMTP, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC alituma tangazo kwa watu wapatao 400 wa ARPANET. Akakemewa, yakaisha. Miaka ya 1990 hayakuisha. Stempu hakuna, kitambulisho hakuna, basi tapeli anatafuta seva ya watu iliyo wazi na kuibebesha barua taka usiku kucha. Wenye seva wakaanza kufunga milango na kuandika orodha nyeusi, na wasio na hatia wakaingia humo pamoja na matapeli. Desemba 1998 ikatangazwa poti 587, maalumu kwa mtu anayekabidhi barua yake mwenyewe. Machi 1999 zikaja kanuni za mtumaji kujitambulisha kwa seva. Tundu la posta nalo likawekewa kufuli.

Ukijua hayo, yale maneno makali ya programu yanasomeka. Seva haijibu kabisa? Huenda unabisha hodi poti 25, na kampuni nyingi za intaneti zimeizibia wateja wa kawaida ili kompyuta zenye virusi zisimwage taka. Weka 587, au 465. Umepewa 550 na neno "relay"? Seva inakuuliza wewe ni nani, tafuta kwenye mipangilio ya kutuma (siyo ya kupokea!) pale panaposema seva inahitaji uthibitisho, weka alama. Umepewa 535? Umejitambulisha, hukuaminika. Hapo angalia neno la siri, ila si hilo tu: tangu 30 Mei 2022, kwa mfano, Google iliacha kuruhusu programu za nje ziingie kwenye akaunti binafsi kwa jina na neno la siri la kawaida.

Ya kwangu ilikuwa poti 25. Mipangilio aliniwekea kaka yangu, na kwenye mtandao wa ofisini kwake Mwanza ilituma bila shida. Nilipochomeka modemu yangu Musoma, ikagonga ukuta. Kubadili tarakimu mbili kuwa tatu kulinichukua nusu dakika.

Wavuvi wa Makoko walitoka gazetini siku tatu baadaye, ukurasa wa ndani, aya mbili zimekatwa.