Lavenda ya Kogo kwenye Ardhi ya Chai

Lavenda yangu ya kwanza ilifia Bomet. Niliinunua Nairobi, kwa wale jamaa wa miche kando ya barabara, mwaka ule nilioacha chuo. Sikuwa na digrii ya kumpelekea kogo, nyanya yangu, kwa hivyo nikampelekea ua. Tuliipanda nyuma ya jikoni, hatua chache tu kutoka kwa chai yake. Mvua ya Aprili ikaingia. Kufikia Juni majani yalikuwa meusi na mizizi imeoza.

"Hii ardhi inajua chai tu," kogo akasema. Akaing'oa, akamtupia mbuzi. Mbuzi naye akaikataa.

Baadaye nilisoma kidogo nikaona kogo hakukosea. Lavenda asili yake ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, kwenye milima ya mawe na chokaa na kiangazi kirefu. Inapenda udongo wenye pH ya kama 6.5 hadi 7.5. Chai inataka kinyume chake: 4.5 hadi 5.5, yaani udongo wenye asidi, na mvua isiyokauka. Huku kwetu mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Panapomfaa mmoja, mwingine anakufa.

Hapo ndipo ile stori tuliyokua nayo inapata nguvu: ati Kericho iliumbwa kwa ajili ya chai. Wazungu walikuja, wakaona udongo, wakapanda. Unaisikia mara nyingi mpaka unaamini ni udongo wenyewe uliowaita. Lakini ukipanga miaka vizuri, stori hiyo haisimami.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru, mwaka 1903. Kericho ilikuwa na mpango mwingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilichukua takriban ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis, ikawapa maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa vitani. Mradi wao uliitwa British East Africa Disabled Officers' Colony, kwa kifupi BEADOC. Hawakuja kupanda chai. Walikuja kupanda kitani, mmea wa maua ya samawati ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Bei ya kitani ilikuwa imepanda sana wakati wa vita. Kufikia 1921 ilikuwa imeporomoka, na mradi ukaanguka nayo.

Sasa, kama ardhi ilichukuliwa kwa ajili ya kitani, na kitani kimekufa, si ungetarajia ardhi irudi kwa wenyewe? Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 ilienda kwa African Highlands, kampuni ya chai ya James Finlay, huku Brooke Bond nayo ikifungua mashamba yake Kericho. Kwa hivyo ardhi ilichukuliwa kwanza. Zao lililoifaa lilipatikana baadaye.

Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria, mbali na baridi ya kwao. Waliobaki hawakuruhusiwa kulima chai yao wenyewe hadi miaka ya 1950. Babake kogo alichuma majani ya watu kwa mshahara miaka mingi kabla ya kumiliki hata shina moja. KTDA ilipoundwa mwaka 1964 kuhudumia wakulima wadogo, kogo alikuwa bado msichana.

Mwaka 2022, Wakipsigis na Talai waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg. Ukitaja kesi hiyo kwenye matatu ya Kericho, hutakosa mtu wa kusema, "Lakini hii ardhi bila chai ingefanya nini?" Inasikika kama busara ya mkulima. Lakini swali lililopelekwa kortini si ardhi inafaa nini. Ni ilikuwa ya nani.

Desemba iliyopita nilimpelekea kogo lavenda nyingine. Safari hii nilichagua ile yenye majani ya meno meno, *Lavandula dentata*, kwa sababu lavenda ya Kiingereza hungoja baridi kali na siku ndefu ndipo itoe maua vizuri, na siku zetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Tulitoboa ndoo chini, tukachanganya udongo, mchanga wa mto na kokoto ndogo, tukaongeza chokaa ya shambani kidogo. Tukaiweka chini ya paa, mahali jua linafika lakini mvua haifiki. Maji ni mpaka uingize kidole na udongo uwe mkavu. Maua yakiisha, unapunguza matawi mabichi bila kugusa mti mkavu wa chini. Hapo kogo hakuhitaji somo. Amekata chai maisha yake yote.

Imeshika. Majirani wakipita wanamuuliza imemeaje hapa, kwenye ardhi ya chai.

"Chai pia ilikuja ikitoka mahali," anawajibu, kisha anawakaribisha mursik.