Shahada ya mtandaoni: nani anamkagua mkaguzi?

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Msimu wa kuvuna mahindi ukifika huku Likuyani, hata mtu wa kompyuta hushika gunia. Leo nilipanga kuwaandikia kuhusu hifadhidata, lakini kuna jambo limetokea hapa nyumbani, na limenirudisha kwenye historia. Vumilieni, makala ni ndefu kidogo.

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni mwalimu wa chekechea. Jioni moja alinijia akiwa na simu mkononi. "Shem, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Hebu niangalizie hiki chuo, nimeshalipa kidogo." Hiyo kidogo ilikuwa shilingi 18,000, pesa ya magunia sita aliyomuuzia dalali pale Matunda. Chuo chenyewe kilisema kiko ng'ambo. Kilimwahidi shahada ya ualimu kwa miezi mitatu, bila mtihani wowote, eti kwa sababu "uzoefu wa maisha" nao ni masomo. Salio lilikuwa shilingi 47,000, na alikuwa amepewa wiki mbili.

Nilifungua kompyuta nikafanya kile ambacho kila mwandishi wa programu angefanya. Kwanza niliangalia domeni imesajiliwa lini. Ukurasa ulisema chuo kilianza 1989, lakini domeni ilikuwa na miezi mitano. Hilo peke yake si ushahidi, maana mtu anaweza kubadilisha jina la tovuti. Nikafuata kiungo cha "bodi ya kimataifa" iliyodaiwa kukiidhinisha chuo. Tovuti ya bodi ilikuwa kwenye seva ile ile. Hilo nalo si ushahidi kamili, maana seva moja hubeba tovuti nyingi za watu wasiojuana. Mwisho nikasoma msimbo wa kurasa zote mbili. Namba ya akaunti ya kuhesabu wageni ilikuwa moja. Chuo na mkaguzi wake walikuwa mtu mmoja.

Shemeji aliniuliza swali moja tu: "Kwa hivyo masomo yote ya mtandaoni ni uongo?" Sikutaka kumjibu haraka, kwa sababu jibu ni hapana, na ili kueleza kwa nini ni hapana inabidi turudi nyuma.

Mimi nilizaliwa 1997, mwaka ule ule ambao African Virtual University, kwa kifupi AVU, ilianza kazi. Ulikuwa mradi wa Benki ya Dunia, na makao yake yalikuwa Washington. Mihadhara ilirushwa kwa setilaiti hadi vyuo vikuu vya Afrika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwa miongoni mwao. Kumbukeni hali ya wakati ule. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009, miaka kumi na miwili baadaye. Mwanafunzi alikaa darasani akimtazama mhadhiri kwenye skrini, na akiwa na swali alitumia simu. Kwa mtu wa leo ni kichekesho, lakini kwa mitambo iliyokuwepo ilikuwa hesabu nzuri kabisa.

Tatizo gumu la AVU halikuwa setilaiti. Lilikuwa cheti. Mtu akimaliza masomo yaliyotoka bara lingine, shahada itakuwa na jina la nani? AVU ilipoingia awamu ya shahada kamili, jibu lilikuwa kutumia vyuo washirika: RMIT na Curtin vya Australia vilileta masomo, na jina lenye uzito kwenye cheti lilikuwa la chuo kinachojulikana na kukaguliwa kwao. Mwaka 2002 AVU ilihamia Nairobi. Mwaka 2003 serikali tano, yaani Kenya, Senegal, Mauritania, Mali na Côte d'Ivoire, zilitia saini mkataba wa kuifanya shirika la kiserikali. Mradi wenye Benki ya Dunia nyuma yake, pesa na setilaiti, bado ulilazimika kutafuta mahali pa kuegemea kisheria. Somo lilikuwa moja: unaweza kununua mitambo, lakini kuaminika unakopa kwa mtu ambaye tayari anaaminika.

AVU haikuwa biashara ya kugawia wenye hisa faida. Uganda walipata mfano wa karibu zaidi: Virtual University of Uganda, chuo cha binafsi kilichoanzishwa Kampala mwaka 2011 kufundisha kwa mtandao peke yake. Hakikujiidhinisha chenyewe. Kiliomba leseni kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ambalo nguvu zake zinatokana na sheria ya mwaka 2001. Kwa hiyo chuo cha binafsi, cha mtandaoni, kinachotoza ada, si dhambi. Kinachotofautisha ni kama kuna mtu wa nje mwenye uwezo wa kusema "hapana".

Sasa twende Marekani, kwa sababu huko ndiko chuo cha mtandaoni cha faida kilikua mpaka kikawa jitu, na ndiko ukaguzi wenyewe ulijaribiwa.

Mwaka 1976 John Sperling, profesa wa zamani wa historia, alianzisha University of Phoenix huko Arizona. Wazo lake lilikuwa zuri. Aliona watu wazima wenye kazi na watoto hawana nafasi katika vyuo vya kawaida. Mwaka 1978 chuo kilipata ithibati, na 1989 kikaanza masomo ya mtandaoni, kabla wengi wetu hatujasikia neno intaneti. Mwaka 1994 kampuni mama, Apollo Group, iliuza hisa zake kwa umma. Kufikia 2010 chuo kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 450,000.

Hapo ndipo pa kutulia. Kuanzia 1994 kampuni ilikuwa na wateja wawili: mwanafunzi anayetaka elimu, na mwenye hisa anayetaka ukuaji. Karo nyingi zililipwa kwa mikopo ya serikali, kwa hiyo chuo kilipata pesa mara tu mwanafunzi alipoingia, hata kama baadaye angeshindwa kulipa deni. Sheria ya Marekani inakataza kuwalipa wasajili kwa idadi ya watu wanaowaingiza, na wizara ya elimu ilidai kwamba ndivyo Phoenix ilivyokuwa ikifanya. Mwaka 2004 Apollo ililipa dola milioni 9.8 bila kukiri kosa. Kesi iliyofunguliwa na wasajili wawili wa zamani iliisha 2009 kwa dola milioni 78.5, pamoja na gharama za mawakili. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano ya dola milioni 191 na chuo hicho. Kati ya hizo, milioni 141 zilikuwa madeni ya wanafunzi yaliyofutwa. Safari hii kosa lililodaiwa lilikuwa matangazo yaliyowafanya watu waamini kwamba kampuni kama Microsoft na AT&T zilishirikiana na chuo kuwapa wahitimu kazi.

Phoenix haikuwa peke yake. Mwaka 2012 kamati ya seneti chini ya Tom Harkin ilitoa ripoti ya uchunguzi wa miaka miwili kuhusu kampuni 30 za vyuo vya faida. Kwa mwaka 2009 kampuni hizo zilitumia dola bilioni 4.2 kwa matangazo na usajili, na bilioni 3.2 kwa kufundisha. Rudieni kusoma hapo. Kutafuta mwanafunzi kuligharimu zaidi ya kumfundisha.

Na wakati wote huo Phoenix ilikuwa na ithibati halali. Sasa wakaguzi walikuwa wapi?

Kule, ithibati hutolewa na mashirika binafsi yanayoendeshwa kwa ada za vyuo vyenyewe. Moja, ACICS, liliendelea kuviidhinisha vyuo vya kampuni ya Corinthian, iliyofilisika 2015, na vya ITT Tech, iliyofunga milango 2016. Mwaka 2016 serikali ikamfuta mkaguzi mwenyewe. Mwaka 2018 utawala mwingine ukamrudisha, na 2022 mwingine tena ukamfuta. Mkaguzi anayelishwa na anayekaguliwa ana mdomo mzito.

Sisi watu wa kompyuta tunaijua hadithi hii kwa jina lingine. Ukifungua tovuti ya benki unaona alama ya kufuli. Kivinjari hakiijui benki yako. Kinaiamini kwa sababu kuna mamlaka ya vyeti iliyoithibitisha, na mamlaka hiyo iko kwenye orodha iliyokuja na kivinjari. Huo ni mnyororo. Mwaka 2011 mamlaka moja ya Uholanzi, DigiNotar, ilivamiwa na wadukuzi, wakatengeneza cheti bandia cha Google. Vivinjari viliifuta kwenye orodha, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo ikafilisika. Shahada nayo ni cheti cha namna hiyo. Mwajiri hakukuona darasani. Anaamini chuo, chuo kinaaminiwa kwa sababu ya mkaguzi, na mkaguzi anaaminiwa kwa sababu ya sheria. Chuo cha shemeji kilikuwa kama cheti ambacho tovuti imejitilia saini yenyewe. Phoenix ni jambo gumu zaidi: mnyororo ulikuwa kamili, lakini aliyeshika kiungo cha katikati hakuvuta hata alipopaswa kuvuta.

Mchezo wa kujitilia saini una viwanda vyake. Mwezi wa Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyoendesha mamia ya tovuti za shule na vyuo ambavyo havikuwepo, pamoja na tovuti za bodi za kuviidhinisha. Nilipokumbuka habari hiyo nikiangalia simu ya shemeji, nilijua nasoma mchezo ule ule.

Na kwetu? Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 1985 iliunda Tume ya Elimu ya Juu. Sheria mpya ya mwaka 2012 ikaleta Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Kazi zake ni pamoja na kuidhinisha vyuo, kukagua kozi moja moja, na kutambua shahada za nje. Viwango vyake vya 2014 vina sehemu nzima ya masomo ya mbali na ya mtandaoni. Kuna pia mamlaka ya sifa za kitaifa, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Mwezi wa Agosti 2023 Open University of Kenya, chuo cha umma cha masomo ya mtandaoni chenye makao Konza, kilipewa hati yake. Sisemi mfumo wetu ni safi. Vyuo vyetu pia hulipa ada ili kukaguliwa. Lakini tume yetu ni ya sheria, na mtu akiwa na malalamiko kuna ofisi ya kubisha hodi.

Na waajiri wameanza kuuvuta mnyororo. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wake umepata vyeti ghushi zaidi ya 2,000 kwa watumishi wa umma. Hapo ndipo shemeji aliponyamaza. Hakuwa amefikiria kwamba cheti hicho kingeweza kumpotezea hata kazi aliyo nayo sasa.

Pesa zake 18,000 hazikurudi. Namba ya simu ilizimwa siku aliyoomba arudishiwe. Hakulipa salio, hilo ndilo tulilookoa. Kesho yake aliniambia, "Basi niandikie hizo hatua kwa Kiswahili, niwapelekee walimu wenzangu. Kuna wengine watatu wamelipa." Haya basi, hizi hapa.

Kwanza, usianzie kwenye tovuti ya chuo. Anzia kwa CUE, tafuta jina la chuo kwenye orodha yao, kisha uulize kuhusu kozi yenyewe, maana chuo halali kinaweza kuwa na kozi isiyoidhinishwa.

Pili, chuo kikiwa cha nje, tafuta mkaguzi wa nchi hiyo kwa kutumia tovuti ya serikali yake. Usibonyeze kiungo ulichopewa na chuo.

Tatu, uliza CUE kama shahada hiyo itatambuliwa hapa, kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Nne, hata mnyororo ukiwa kamili, uliza wanafunzi wangapi humaliza, na anayekupigia simu kila siku analipwa kwa kazi gani. Hilo tumefundishwa na Phoenix.

Tano, anayekuharakisha kulipa anajua ukitulia utauliza maswali.

Mimi mwenyewe natafuta shahada ya pili ya mtandaoni, kwa hiyo hatua hizi ni zangu pia. Kama wewe au jirani yako mmepitia jambo kama hili, niandikie. Wiki ijayo, mahindi yakishakauka, tutarudi kwenye hifadhidata.